Shemeji, Rudisha Nafasi Nane za Kengele

Ndugu Fundi wa Programu (na shemeji yangu mpendwa),

Pokea salamu za heshima kutoka wodi ya wanawake. Nakuandikia kama Muuguzi Mkuu, si kama dada wa mkeo, ingawa wote wawili tumekasirika.

Kwa faida ya watakaopata nakala: kengele za wagonjwa wetu huingia kwenye mashine, na mashine huzipanga kwa maktaba ya programu uliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya kompyuta iitwayo C. Zilikuwa nafasi nane, zimepangwa duara. Zikijaa, mwito wa tisa ulikalia nafasi ya ule wa kwanza, na wa kwanza ukafutika kimya kimya. Wagonjwa thelathini, nafasi nane, tukaishi kwa amani. Jumanne ukazifanya sitini na nne bila hata kutushirikisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Chai. Zamani tuliinywa ikiwa moto. Tukirudi, kioo cha mashine kilionyesha miito minane tu. Waliobaki tuliwahesabu kuwa wameridhika.

2. Uliipanua mashine ikiwa kazini na duara limejaa. Nilitegemea, kama ilivyo kwa yeyote anayehama nyumba, kwamba vitu vingepotea njiani. Wewe ukaanza kuhamisha mwito wa zamani kuliko yote, ukafuatia unaofuata, na hata ile miito iliyokuwa imezunguka ikakaa mwanzoni mwa duara ukairudisha nyuma ya mingine, kwa zamu yake. Haukupotea hata mmoja! Basi wa kwanza kutokea kwenye kioo akawa mshonaji mmoja aliyelazwa kitanda cha tisa, ambaye dripu ilikuwa imechomoka na mkono umevimba. Nilipofika akasema kwa sauti, daktari akiwepo: "Jamani! Kumbe hiki kitufe kinafanya kazi?" Nilitamani ardhi ipasuke.

3. Bibi wa kitanda cha tatu ameacha kupiga kelele. Zamani tulimsikia tukiwa kwenye korido, tukajua yu hai. Sasa anabonyeza tu, na inabidi twende kumwona.

4. Ukutani kwangu pana cheti cha wodi tulivu kuliko zote, miaka minne mfululizo. Juzi Mkurugenzi alisimama mbele ya kioo, akaona miito arobaini na mmoja, akaniuliza kama wagonjwa wamezaana. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kwa hiyo naomba nafasi nane zirudishwe kabla ya Ijumaa. Ukiwa na huruma zaidi, weka moja tu: kila mgonjwa atamfuta mwenzake, na watamalizana wenyewe.

Nisalimie mdogo wangu, watoto, na wote hapo kazini kwako wanaoweza kukushauri.

Wako katika utumishi,
Muuguzi Mkuu, Wodi Namba Mbili

N.B. Nimepigiwa simu nikiwa natia barua hii kwenye bahasha. Mama ameanguka bafuni. Wamemlaza hapa hapa kwetu, kitanda cha ishirini na sita. Mimi sina zamu tena hadi Jumatatu, na wauguzi watakaobaki naye nawajua, niliwafundisha mwenyewe. Shemeji, usiguse kitu. Na ukigusa, ongeza.