Ubongo Wangu na wa Mama Mkwe Kuwekwa Faili Moja

Mwamapalala,
Itilima.

Kwa Mtunza Kumbukumbu,
Utafiti wa Mawimbi ya Ubongo,
Bariadi.

Ndugu Mtunza Kumbukumbu,

YAH: KUPINGA KULAZWA PAMOJA NA MAMA MKWE

Mwangaluka. Huku kwetu ni wazima, pamba imepasuka vizuri na ng'ombe wanashiba. Habari za akili zetu sikupi, kwa sababu mnazo ninyi huko Bariadi na mnazijua kuliko sisi.

Mimi ni Method Ngassa, mkulima na mfugaji, baba wa Scola, yule binti mwenye kifafa ambaye kwa ajili yake mlikuja na kofia yenu ya nyaya. Mlimpima yeye, kisha mkatupima na sisi wazima wa familia ili mpate cha kulinganisha. Nilikubali kwa moyo mweupe. Nikapakwa ule ute wa baridi kichwani, nikakaa. Sasa Daktari Flora ameniletea fomu. Inasema vipimo vyetu vyote vitageuzwa viwe vya muundo mmoja, vipewe namba badala ya majina, kisha vihifadhiwe pamoja na vya watu wa Maswa, Busega na nchi ambazo sitazifika. Anaomba saini yangu. Daktari ni binti mwenye adabu na sina ugomvi naye, lakini saini hapati mpaka mnijibu haya yafuatayo.

1. Mimi ni Mhusika 31. Mhusika 32 ni Mama Wilhelmina, mama mzazi wa mke wangu Philomena. Tangu nioe sijala naye sahani moja, sijakaa naye benchi moja, na nikimwona anakuja njiani naingia kwenye pamba mpaka apite. Hiyo ndiyo heshima niliyolelewa nayo. Ninyi mmechukua bongo zetu mkazilaza faili moja, ubavu kwa ubavu. Nilimuuliza Daktari Flora kama katikati kuna pazia, akasema kuna nywila. Nywila inazuia watu wa nje. Mimi nauliza habari za humo ndani.

2. Fomu inasema kabla ya kuhifadhi mtaondoa uchafu, yaani kupepesa macho, kutafuna na kukaza taya. Siku ile nilikaza taya kwa sababu dirishani nilimwona shemeji yangu Marcelo akipitisha ng'ombe wake kwenye mpunga wangu, nami nina nyaya kichwani siwezi kunyanyuka. Hicho mnachokiita uchafu ndilo wazo zito kuliko yote niliyowaza mwaka huu. Mkiliondoa, mtabaki na mtu aliyekaa kwenye kiti, na mtu wa namna hiyo mngempata popote bila kuchoma mafuta kuja mpaka kwetu.

3. Penye hali yangu mmejaza "yuko macho, ametulia". Naambiwa mfumo unaruhusu maneno machache tu, ili mtu wa Itilima na mtu wa Ulaya wasomeke sawa. Sikutulia. Nilinyamaza, na hilo ni jambo jingine kabisa, muulizeni Philomena. Naomba liongezwe neno moja kwa matumizi ya watu wa huku: "anavumilia". Nadhani hata huko Ulaya wapo watakaolihitaji.

4. Nakala zitawekwa mahali patatu. Hapo nawapongeza. Sisi nasi hatulazi ng'ombe wote boma moja. Wangu wengine wako kwa rafiki yangu kule Sola na wengine Kiloleli, ili ugonjwa ukiingia hapa usinimalize. Ila utaratibu wetu mmeuchukua nusu. Anayekutunzia ng'ombe anakunywa maziwa, lakini ndama ni wako. Kwa hiyo ubongo wangu ukizaa ugunduzi huko uliko, ugunduzi huo ni ndama wangu na nitakuja na kamba kumchukua. Vilevile ng'ombe akifa, mtunzaji hamwambii mwenyewe kwa mdomo mtupu, anamletea ngozi. Kompyuta yenu ikifa, nitataka kuona ngozi.

5. Hili linaniuma, ndiyo maana nimelichelewesha. Daktari Flora anasema kipimo cha Scola kilichukuliwa na mashine ambayo lugha yake haijulikani na mashine ya hospitali kubwa, na kikiwekwa kwenye muundo mmoja daktari yeyote atakifungua, aone jinsi anavyoanguka, amchagulie dawa inayomfaa. Nimesikia. Lakini mwanangu ana jina. Shuleni wameshamtenga, hawataki kunywa kikombe alichonywea, na mimi baba yake nisaini tena aitwe Mhusika 30? Hapana. Kama mashine ya hospitali haimwelewi, ijifunze. Mimi nimemwelewa miaka yote bila mashine.

6. Kwa kuwa nimeanza kudai, namalizia. Nataka faili langu peke yangu, lenye ukuta, mlango wake usitazamane na wa Mama Wilhelmina. Marcelo naye akipimwa, awekwe mkoa mwingine. Na mashine zote duniani zifundishwe muundo wa Mwamapalala, kwa sababu kama lazima wote tufanane, sioni kwa nini tusianzie kwangu.

Bila majibu ya maandishi, fomu itabaki juu ya kabati. Nisalimie wenzako wote wa ofisini, na yule dereva aliyependa maziwa yetu ya mgando.

Wako katika kuvumilia,
Method Ngassa
(Mhusika 31, kwa sasa)

Tanbihi: Barua hii ilikuwa bado haijapata mtu wa kuileta. Jana Scola alianguka shuleni, na safari hii hakuzinduka upesi kama siku zote. Tulimkimbiza hospitali kubwa. Mama Wilhelmina alikaa nami kiti cha nyuma, bega kwa bega, kichwa cha mtoto kwenye mapaja yake na miguu kwenye yangu, na wala sikukumbuka kuona haya. Daktari wa kule aliomba kipimo. Daktari Flora alikituma palepale, mashine ikakataa kukifungua. Basi yule daktari wa hospitali akanigeukia mimi, akaniuliza mtoto anaanza kukakamaa upande upi, macho yanaelekea wapi. Mimi Scola akianguka huwa nafumba macho. Aliyejibu yote ni bibi yake. Mtoto amezinduka, leo asubuhi ameomba uji, lakini daktari anasema dawa amempa kwa kukisia. Fomu nimeisaini, iko humu ndani ya bahasha. Karatasi nyingine ya kuandika upya sina, kwa hiyo hayo ya juu msiyasome. Anzeni na Mhusika 30, hata leo. Sisi wengine mtulaze mtakavyo.