Malalamiko Dhidi ya Kupona kwa Ozoni

Ndugu Mhariri,

Natumaini wewe na wenzako wa chumba cha habari mu wazima. Mimi si mzima sana, na sababu ni ninyi. Juzi mliandika, tena kwa furaha, kwamba tabaka la ozoni linapona kwa kuwa mataifa yalikubaliana kuacha gesi zilizokuwa zikiliharibu. Mimi ni fundi cherehani, mtu wa kivulini, na habari hiyo imenivurugia nyumba.

1. Tangu nioe, kila nikitumwa nje mchana nilikuwa najibu, "Mke wangu, tundu la ozoni hilo." Yeye ni muuguzi, anajali ngozi za watu, basi akawa anaanika nguo mwenyewe. Sasa ameukata ukurasa wenu na kuubandika mlangoni. Nilimweleza kwamba kupona si kupona kabisa. Akasema mgonjwa anayepata nafuu huanzishiwa kazi nyepesi, akanikabidhi beseni la mashuka.

2. Mama mkwe ametibiwa goti na ameambiwa atembee kila siku. Nimeteuliwa kumsindikiza. Anatembea polepole ila anauliza haraka. Kabla hatujafika kona ya duka la dawa alikuwa ameshaniambia kwamba tundu lenyewe liko kusini kabisa, kwenye barafu, akataka kujua lilinifuataje mpaka huku. Nilijifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa ndala.

3. Hili ndilo linaloniuma. Kaka yangu, mwashi, ni jirani yangu, na hatusemezani tangu alipojenga ukuta katikati ya ua aliotuachia baba. Tumeshazoea. Jana mezani mke wangu aliweka kijiko chini, akasema, "Watu wasioelewana hata lugha wamekaa wakakubaliana juu ya gesi isiyoonekana. Nyinyi mmenyonya titi moja, mnashindwa na ukuta mnaouona?" Niliinuka kwenda kunawa, sahani ingali imejaa.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, myashawishi mataifa yagombane tena kidogo. Hata mawili yanatosha. Ikishindikana, wataalamu watuachie kitundu cha ukubwa wa kifungo juu ya ua wetu, nitakitunza mwenyewe. Hilo nalo likishindikana, andikeni kwamba mlikosea. Afadhali gazeti lione aibu kuliko mimi kumbishia kaka hodi nisijue nianze na neno gani.

Wasalimie wapiga chapa, mpiga picha, na yule mtunzi wa chemshabongo. Mwambie ya Jumamosi ilinitoa jasho.

Wako mwenye mashaka na anga,
Fundi wa Kivulini

Nyongeza: Nilikuwa nalamba bahasha kaka alipoingia na nyundo mkononi. Nikajua leo ni leo. Kumbe amekuja kuuliza ningependa mlango ukae upande gani wa ukuta. Shemeji naye husoma gazeti lenu. Tupo juani tangu asubuhi, kaka anabomoa, mimi nashika futi. Barua hii usiichapishe. Na hiyo ozoni, kama kuna namna ya kuiharakisha, sisi wawili tuko tayari kusaidia.