Sahani ya Dahabu ya Mama Mukwe

Bandugu, hii niliyoipata leo inanitosha mpaka mwaka ujao. Niko naandika hapa jikoni na nguo bado inanuka moshi.

Munajua bwana yangu iko Misisi, kule kwa machimbo ya dahabu, kwa biashara. Munajua pia alininunulia micro-onde, ile mashini ya kupasha chakula moto (picha yake nimewatumia mara ngapi? Nyingi. Nilijisikia). Sasa leo mama yake amekuja kutoka Lweba, mara yake ya kwanza kulala kwangu tangu tuoane. Huko Lweba ameisha kuambia bamama bote kama mutoto wake alioa murembo asiyejua kupika. Mi nilitaka kitu kimoja tu: ale, ashibe, arudi akaseme mengine.

Nikapika bugali, sombe ya majani ya muhogo na mikeke, samaki ya ziwa letu, ya kukaanga. Mapema, kila kitu tayari. Mama alisema atafika saa sita. Saa sita ikapita, na saa saba. Mototaxi iliyomuleta haina kosa. Ni yeye aliisimamisha kila penye mutu anayemujua, na mama ule anajulikana barabara nzima. Samaki ikawa baridi kama imetoka ziwani sasa hivi.

"Mukamwana," akaniambia hata kabla hajakaa, "mi sikulaka chakula cha baridi."

"Mama, hapa kwangu baridi haiko," nikajibu. (Hiki kinywa changu, siku moja kitaniua.)

Nikamusogeza mbele ya micro-onde, nikaanza somo. Bwana yangu alinifundisha vizuri kwa simu: sufuria hapana, kijiko hapana, sahani ya bati hapana, karatasi ya aluminium hapana, chuma cha aina yoyote hapana. Plastiki laini inayeyuka. Weka sahani ya kioo ama ya porcelaine, ile kauri nyeupe. Nikamueleza mama yote hayo pole pole, kidole juu, sauti ya mwalimu. Nikatoa kijiko ndani ya sombe, nikamwonyesha.

"Umeona, mama? Hiki kingetuletea shida."

Mama akaitika kwa kichwa. Roho yangu ikanenepa.

Kisha akafungua mufuko wake, akatoa kitu amekifunga ndani ya kitenge. Kwa familia yao, mama akienda kulala kwa mutoto wake anabeba sahani yake mwenyewe, na hakuna mwingine wa kuilia. Ya mama ni porcelaine nyeupe, imezungushwa mustari wa dahabu.

"Hii baba mukwe wako alinipa tulipooana," akasema. "Dahabu aliichimba mwenyewe Misisi, akaipeleka wakaipakaa hapa pembeni. Ni ya kweli."

Nikaangalia sahani. Nyeupe. Nzito. Porcelaine, vile nilivyofundishwa. (Dahabu nayo ni chuma? Ukiniuliza sasa, ninajibu vizuri sana. Wakati ule kichwani mulikuwa samaki tu.) Nikapanga bugali na mukeke mukubwa, nikaingiza, nikafunga mulango, nikabonyeza.

Kwanza ikalia paa. Kisha paa-paa-paa. Mule ndani radi ndogo za buluu zikaanza kuzunguka sahani, mustari mzima, mukeke uko katikati kama bibi harusi anapigwa picha. Mi nikaruka nyuma, nikavuta mama, tukaanguka sote juu ya kiti kimoja, yeye juu yangu. Ikalia paa ya mwisho, na courant, umeme wote, ikakatika. Si kwangu tu. Huku nyumba zetu ziko kwa waya moja, nikasikia redio za majirani zote zimenyamaza. Halafu sauti ya Mama Riziki, jirani yangu, ikapita ukuta:

"Nani tena?"

Nikafungua mulango wa mashini, moshi ikanijaa.

Nilipotoa sahani, mustari ulikuwa mweusi, unabanduka. Nikapiga magoti. Si maneno ya kusema tu, nilipiga magoti kweli juu ya sakafu na machozi yakaja, sababu nilijua kesho Lweba yote itasikia kama nimeunguza dahabu ya ndoa ya mama mukwe.

Mama akanitoa sahani mikononi. Alibeba sahani mpaka mulangoni kwenye mwanga. Akakwaruza mustari na ukucha. Akaangalia ukucha. Akakwaruza tena. Mutu yeyote aliyekaa na bachimbaji anajua: dahabu ukiitia moto inabaki dahabu. Ya uongo ndiyo inakuwa nyeusi.

"Mukamwana, simama," akasema. "Nipe simu."

Akamuita baba mukwe, akaweka haut-parleur, sauti kubwa ya kusikia sote.

"Baba Wilondja, dahabu yako imeungua."

"Imeungua namna gani?"

"Imekuwa makaa. Uliichimba wapi?"

Baba mukwe akakohoa. Akakohoa tena.

"Nilinunua ile sahani sokoni Uvira," baba mukwe akasema, sauti ya chini. "Nilikuwa kijana. Nilitaka unikubali."

Mama akaangua kicheko. Alicheka mpaka akakaa chini, alicheka ameshika tumbo, mpaka na mi nikacheka na makamasi yangu. Tukavuta sufuria, tukakula bugali iliyobaki kwa mikono, baridi vile vile, yeye ananimegea samaki. Akalamba vidole. "Mutoto wangu alioa vizuri," akasema. Bandugu, nilisikia furaha ya kunifanya nilie tena.

Basi simu ikaanza kuongea peke yake pale sakafuni. Tulisahau kuikata.

"Mukamwana," baba mukwe akaniita, na heshima yote. "Hiyo mashini inapima dahabu yote?"

"Ndiyo, baba." (Mwalimu mi.)

"Basi nakuomba, mama yangu, usimuache muke wangu aikaribie na pete yake ya ndoa."

Haut-parleur, bandugu. Haut-parleur.

Musicheke, munisaidie. Courant imerudi sasa hivi, na mama iko mbele ya micro-onde, iko anavua pete.