Malkia Asiye na Pua

Siku ya kumi tangu mke wa Kaisari aache kuonekana hadharani, watu wa heshima mjini Ostia walimwombea. Lucrio, ambaye heshima haikuwahi kumsumbua, aliona biashara. Akaingia kwa Venuleia, mjane muuza mikate, bahili aliyejulikana hadi bandarini.

"Dada, unazo zile sarafu za shaba za Malkia? Huku sura yake, kule mungu Juno na tausi?"

"Mfuko mzima. Kwani vipi?"

"Sema polepole! Kaisari kamwacha. Kesho ukikutwa nazo, kichwa hicho si chako. Mimi nina mtu wangu wa kuziyeyusha. Shaba nane, dinari moja."

Dinari ni shaba nne, hata mtoto anajua. Venuleia akaita miungu yote kwa majina, akaingia ndani, akakaa huko kitambo kirefu, akatoka na mfuko uliofungwa kamba. Lucrio alitaka kuhesabu, lakini tarumbeta ikalia mtaani.

"Wapiga mbiu hao! Lipa, kaka, nisife na wanangu!"

Akalipa dinari thelathini, akiba yake yote.

"Malkia amejifungua mwana!" mbiu ikasema. "Kila mtu atoe shaba yenye sura yake kwa Juno, mungu wa uzazi!"

Askari akasimama mlangoni na sinia. Lucrio akatabasamu, akafungua mfuko, akachomoa shaba. Malkia hakuwa na pua wala macho. Akaigeuza: Juno naye hana uso. Kuharibu sura ya Malkia adhabu yake ni upanga. Akafumba kiganja upesi.

"Umefanya nini?" alinong'ona.

"Si ulisema haramu? Nikazichonga kwa patasi." Venuleia akainama sikioni mwake. "Ni kuukuu, za malkia waliokufa zamani, hakuna duka linalozipokea. Mweleze askari, labda atakuamini. Mkunga wa Malkia ni dada yangu, mjinga wewe."

"Vipi, bwana, huna ya Malkia?" askari akauliza.

Lucrio akavua pete ya fedha ya marehemu mama yake, akaiweka kwenye sinia. "Shaba ni dharau kwa mwana wa Kaisari," alisema, na watu wakampigia makofi. Alikaribia kulia, na si kwa furaha. Akausukuma mfuko chini ya benchi kwa mguu, akaaga, akaondoka kwa mwendo wa mtu asiye na haraka.

Alikuwa karibu na kona aliposikia sauti ya Venuleia.

"Kaka Lucrio! Umesahau mfuko wako! Afande, hebu mbebee kaka yangu, mzito huo."