Mayi Yote Iko na Metre Moya

« Kuanzia leo, mayi yote ya Likasi iko na metre moya mupaka chini! Mambo imekwisha! »

Chef Barthélemy alipiga meza, kikombe ya chai ikaruka. Yeye njo mukubwa wa Service ya Chini ya Mayi. Service ikisha kusema, hata samaki inapashwa kukubali.

« Haina vile, Chef! » Cyrille, mupimaji wa service, naye alipandisha sauti. « Mu ile shimo ya zamani ya mine, yenye kuyala mayi, nilitupa jiwe na kamba. Metre makumi mbili iliisha yote, jiwe haikugusa chini! »

« Jiwe yako ilikuwa na ordre de mission, barua ya kutumwa kazi? »

Haikukuwa nayo. Cyrille alienda na miguu yake, siku ya posho, service imefungwa. Ku makaratasi ya Leta, hakuenda.

Kazi yenyewe ilikuwa ya akili. Satelite inapita yulu, inatuma laser mu mayi, mwangaza inarudia, mashine ya ku bureau inahesabu chini iko wapi. Lakini mbele, mashine inafundishwa na vipimo ya kweli. Kupima kunaomba motokari. Motokari ilikuwa ku arusi ya shemeki ya Chef. Basi equipe ilikaa pa viti, ikaandika kila fasi vile Chef alikuwa anawaza: metre moya. Mashine ni mutoto wa heshima. Ilijifunza muzuri sana.

« Tangu kesho, bwato ya kuvukisha bantu ku ile shimo inakatazwa, » Chef alisema. « Batavuka na miguu. Njo maendeleo. »

« Mama yangu Georgette anavukaka pale kila siku, na bunga ku kichwa! »

« Atanyanyua kikwembe kidogo. »

Cyrille alikamata arrêté, karatasi ya amri, pa meza, ile Chef alijiandikia mwenyewe, akasoma polepole:

« Article ya ine. Kwa heshima ya cheo, muntu yeyote asitangulie Chef kuvuka. Kesho asubui Chef atafungua njia ya shimo, na miguu, mbele ya radio na bakubwa ba provinsi. »

« Bakubwa banaisha kujibu, Chef, » Delphine, secrétaire, alisema bila kuinua macho. « Banakuya bote. »

Chef aliangalia karte ya mayi, metre moya kila fasi. Akaangalia viatu yake na patalo ya suti.

« Cyrille, mutoto yangu… ile kamba, ulisema iliisha yote? »

« Kamba haina na ordre de mission, Chef. »

« Miye siyui kuogelea! »

« Basi kata ile arrêté. Bic iko pale. »

« Mbele ya provinsi? Nitasema nini? »

Cyrille alikunja kamba yake, akaitia mu mufuko.

« Ao nyanyua patalo kidogo, Papa. »

Akatoka, akafunga mulango.