Flashi Mbele, Hina Mikononi

Jamani, leo nimepatikana. Tena si faraghani. Ni mbele ya kina mama wa mtaa wetu wa Kibokoni, mikono juu kama mwizi!

Nasra, binti wa shangazi yangu, anaolewa, na leo alasiri ilikuwa hina yake. Shughuli ya wanawake watupu. Mwanamume haingii, na simu zote huachwa kikapuni mlangoni ili watu wavue mabuibui kwa raha zao. Sasa fundi wa muziki na picha atoke wapi? Mimi hapa! (Cheti cha kompyuta ninacho. Kazi ndiyo sina.)

Na nilikuwa na sababu ya kujituma. Mmoja wa wageni alikuwa Bi Zuhura, mwalimu mkuu wa skuli ya wasichana, ambaye anatafuta mwalimu wa kompyuta. Kazi hiyo naitaka kufa. Nilitaka anione kazini kwa macho yake.

Nikafika mapema, nikamkuta shangazi karibu kulia. Kompyuta yake imegoma kuwaka.

"Mwanangu, yatengezeka hii? Watu waja sasa hivi!"

"Shangazi, mbele yangu mimi?" nikacheka.

Nikaingia kwenye mipangilio ile ya kabla kompyuta haijaamka, pale unapoiambia itafute wapi kwanza cha kuwakia: diski yake ya ndani, au flashi iliyochomekwa ubavuni. Nikaitanguliza flashi yangu. Flashi hiyo ni kompyuta yangu nzima mfukoni, na ikiwashwa hufungua yenyewe chochote nilichoacha wazi mara ya mwisho. Ikawaka! (Na video yangu ya jana nayo; nikaisimamisha tu, sikuifunga.) Nikatibu ugonjwa wa diski, nikachomoa flashi, nikajaribu tena. Kompyuta ya shangazi ikaamka kama haijawahi kuumwa.

Kisha nikairudisha flashi palepale, maana nyimbo za bibi harusi zilikuwa humo. Na ule mpangilio, nikautengeneza diski itangulie tena? (Nani ana muda huo? Mambo si yamekuwa sawa?)

"Kazi imekwisha!" nikatangaza. Nikakaa kwa mchoraji hina, nikampa mikono yote miwili.

Nasra akaingia. Vigelegele! Nyimbo zikapiga, picha zake za utotoni zikapita ukutani kwa projekta. Bi Zuhura, aliyekaa mbele kabisa, akauliza, "Nani aliyeyatengeza haya?" Shangazi akaninyoshea kidole. Nikatabasamu kwa unyenyekevu wa uongo. Moyoni nilishashika chaki.

Stima ikapotea. Umeme wa mtaa mzima!

Haikukawia kurudi, lakini betri ya ile kompyuta ilikufa zamani, kwa hivyo nayo ilikuwa imezimika.

"Hapana neno!" nikapaza sauti kutoka kwenye mkeka wa hina. "Shangazi, bonyeza tu, itajua la kufanya!"

Ikajua kweli. Ikaanza na flashi, kama nilivyoiamrisha. Na ukutani, mkubwa kuliko mlango, nikatokea mimi.

Jana nilijirekodi chumbani nikifanya mazoezi ya mahojiano. Sehemu zote mbili nilicheza mwenyewe. Nimevaa miwani ya bibi yangu, nabana pua, nazungumza kama Bi Zuhura: "Binti, skuli yangu haitaki wavivu. Wajua nini wewe?" Kisha navua miwani na kujijibu: "Mwalimu, Mombasa hii kompyuta zikiniona hujinyosha zenyewe!"

Bibi mmoja nyuma akauliza: "Ee! Sauti hiyo si ya Zuhura?"

Nyumba ikalipuka kwa vicheko.

"Shangazi, zima!"

"Nazima wapi, mwanangu?"

Nikaikimbilia kompyuta, mikono juu, hina mbichi ikinitiririka. Nikajaribu kiwiko. Sauti ikapanda! Nikainama, nikakibonyeza kitufe cha kuzimia kwa pua, nikakishikilia hapohapo mpaka ikazima. (Ndiyo, kwa pua. Mlitaka nifanyeje?)

"Binti, njoo," akasema Bi Zuhura. Hakuwa akicheka. Nikajua kazi imeshakwenda na maji.

"Mbona ilianza na mambo yako, ikaacha ya shangazi yako?"

"Mwalimu, kompyuta ikiamka hufuata foleni. Mimi niliiweka flashi yangu mbele, na kazi ilipokwisha sikuirudisha nyuma. Kosa langu."

"Kumbe ni foleni tu!" akadakia yule bibi wa nyuma. "Hata mimi nimefahamu!"

Bi Zuhura akamtazama bibi, akanitazama mimi. Midomo ikaanza kumcheza.

"Ukimfahamisha huyu, wasichana wangu hawakushindi. Jumatatu njoo uanze. Na sauti yangu uiwache kwenu."

Jamani! Kwa furaha na aibu pamoja, nikaufunika uso wangu kwa viganja vyote viwili.

Vyenye hina mbichi.

Sasa niko bafuni. Nimesugua kwa ndimu, nimesugua kwa sabuni ya kufulia, na maua yangali yamechanua shavuni. Mwenye dawa ya kutoa hina aniandikie upesi. Mwenye kicheko akae nacho mpaka Jumatatu, atagawana na wanafunzi wangu.