Plasta za Vifundo na Kilichonifuata Robanda

Nimeumbuka jamani, na jua lilikuwa hata halijachomoza.

Mnajua leo timu yetu ya netiboli inacheza Mugumu. Mnavijua pia vifundo vyangu vya miguu. (Msijifanye hamvijui, mmeshanibeba kutoka uwanjani.) Kocha alishanionya: "Ghati, ukiteguka tena, utakuwa mshangiliaji." Mimi? Mfungaji mzima nishangilie?

Basi alfajiri nikajifunga plasta nyeupe, ile pana. Kocha hutufunga mizunguko michache tu. Mimi nilifunga mpaka ikaisha, miguu yote miwili, kuanzia unyayoni hadi kwenye ugoko. Mkia uliobaki meno yalishindwa kuukata, nikauchomeka kwenye soksi. Nikasimama. Kifundo hakipindi, hakizunguki, kimetulia tuli. Nikajisifu: hapa hata nikanyage shimo siteguki!

Pikapu ya timu haimsubiri mtu, kwa hiyo nikakata njia ya mashambani hapo kwetu Robanda. Ukungu ulikuwa mzito, hata miguu yangu siioni. Nikauvuka waya wa shamba la Mzee Machaba, ule wenye makopo ya kupiga kelele tembo wakiugusa. Kwa mguu usiopinda nikaukwaa, makopo yakalia, nikaendelea na safari.

Ndipo nikasikia kitu nyuma yangu. Krrr. Krrr.

Nikasimama. Kimya. Nikatembea. Krrr. Nikasimama tena, na chenyewe kikasimama. Hakuna ndege, hakuna jogoo. Kulikuwa na harufu ya kitu kilichooza, nikajiambia ni majani. Bibi yangu alitufundisha: ukifuatwa usigeuke, anayekufuata atajua umeogopa. (Bibi, nilikuwa nimeshaogopa mpaka kwenye kucha.)

Nikakimbia. Yaani niliamua kukimbia! Kumbe kukimbia kunataka kifundo kipinde. Nyayo zinatua bapa, pu, pu, magoti yanafanya kazi peke yake, nayumba kama mtu aliyepanda mironjo. Na kile kitu kinakimbia na mimi.

Mbele ukungu ukafunguka kidogo. Mzee Machaba, aliyekesha akilinda mahindi yake, akaniona: jezi nyeupe, miguu myeupe, naja bila kukunja mguu, nyuma yangu kinakwaruza kitu.

"Shikamoo babu!" nikapiga kelele.

"Sipokei salamu za wafu!" akajibu, akaanza kulipiga debe.

Kwetu debe likilia, ni tembo. Watu wakatoka na tochi na mapanga, na pikapu ikaja na kocha na timu nzima. Wakanikuta kifudifudi kwenye matope. Mkia wa plasta ulikuwa umechomoka kwenye soksi, umeng'ang'ania kopo la Mzee Machaba. Ndilo lililokuwa likinifuata.

Mama yangu wee! Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Kocha hakucheka. "Hebu ruka nikuone."

Nikaruka. Sikutoka ardhini.

"Mfungaji asiyeruka wa nini? Leo utabaki."

Machozi yakanilenga. Nikamwomba azikate plasta, akazikata kwa mkasi, lakini aliendelea kutikisa kichwa tu.

Wakati huo Mzee Machaba alikuwa amefuata nyayo zangu kwenda kuukagua waya wake. Akatuita kwa sauti ndogo: "Njooni muone."

Kwenye matope palikuwa na nyayo zangu bapa, na mburuzo wa kopo. Juu ya mburuzo, nyayo za fisi. Mbichi kabisa. Kila niliposimama mimi, na zenyewe zilikuwa zimesimama.

Hakuna aliyecheka tena. Mimi niliruka! Niliuruka mtaro mzima, nikajikuta ndani ya pikapu.

Kocha akanitazama. "Huyo anaanza," akasema.

Sasa niko Mugumu, vifundo viko wazi, nasubiri kipenga. Anayetaka kucheka acheke tu. Ila jioni aje anisindikize, maana njia ya nyumbani ni ile ile.